Bisibisi Sikioni

Tangu vitu vyote vianze kujitajia maradhi yao, mafundi waliacha kusikiliza. Gari lilisema linaumwa nini, fundi akabadilisha spea. Binadamu naye alisemewa na bangili yake.

Siku hiyo Mzee Faki alileta gari la petroli aliloachiwa na marehemu baba yake, linatetemeka mwili mzima. Fundi Mwanakheri aliliuliza mara tatu linaumwa nini.

"Hilo halisemi, mwanangu," mzee akacheka. "Gusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini uweke sikioni."

Akafanya hivyo, na mwili ukamsisimka. Kumbe ndani mlikuwa na ngoma! Mapigo matatu, kisha kimya. Matatu, kisha kimya. Alipobadilisha plagi moja iliyokufa, pigo la nne likarudi, naye machozi yakamlengalenga.

Mchana alimkuta mumewe, Shaame, amejilaza kochini.

"Mzima kabisa," bangili ya Shaame ikasema, kama kila siku.

"Hebu tulia kidogo, baba," Mwanakheri akamwambia, akalaza sikio kifuani pake.

Mapigo matatu, kisha kimya. Matatu, kisha kimya.

"Mzima kabisa," bangili ikarudia.