Mlango wa Mbele

Kabla meli haijaanza kukatwakatwa iwe vyuma chakavu, Luteni Nasra aliwasomea wazee waliowahi kuitumikia historia ya meli hiyo.

"Miaka thelathini na moja. Imeteremsha askari ufukweni mara kumi na saba, na kila mara wote walishuka."

Kitwana, aliyekuwa mfungua mlango, aliinamisha kichwa. Maneno hayo aliyaandika mwenyewe katika daftari la meli, na hayakuwa ya uongo. Mara ile ya tisa alisikia chuma kikigusa mchanga, akaufungua mlango wa mbele bila kupima kina. Kumbe lilikuwa fungu tu la mchanga, na ng'ambo yake maji marefu. Askari walitoka mbio na mizigo mgongoni, wa nyuma wakiwasukuma wa mbele, mpaka meli ikabaki tupu. Wote walishuka. Arobaini hawakufika pwani.

"Mzee Kitwana, heshima hii tumekuachia wewe," Luteni alisema, akimwonyesha mkono wa chuma wa kufungulia mlango. "Ufungue kwa mara ya mwisho."

Aliushika, kisha akauachia.

"Kina mmepima, afande?"

"Mzee wangu, tumekwisha kuivuta hadi nchi kavu."

Kitwana aliuchomoa ukutani upondo wa kupimia kina, akaenda ukingoni mwa meli, akauteremsha polepole hadi ukagota kwenye mchanga mkavu. Akaupandisha, akaipapasa ncha yake, akasogea hatua moja, akauteremsha tena.

Wazee wenzake walivua kofia, wakasubiri amalize.