Mlinzi Aliyekwama Inini

Rukaya hakuwahi kuvuta sigara, lakini pumzi ilimkatika hata akifunga kanga. Daktari aliwaeleza, yeye na mama yake, Bi Mwanaidi:

"Ini hutengeneza protini ya kulinda mapafu. Protini hiyo huvinasa vimeng'enya, kemikali za mwili zinazosaga vitu, kabla havijayala mapafu hayo. Yako, dada, imejikunja vibaya, imekwama humo humo inini."

"Haiwezi kutolewa?" Rukaya aliuliza.

"Hapana. Umeirithi hali hii kwa wazazi wako wote wawili."

Walipotoka nje Rukaya alisema, "Mama, kaka Athumani naye alikatika pumzi hivi hivi mpaka akafa; ni ugonjwa huu huu. Mkewe hakumroga. Tulimfukuza bure."

"Basi nimemuua mimi?"

Rukaya alitaka kusema hapana, pumzi ikamgomea. Akaung'ang'ania mkono wa mama yake, wakabaki wamesimama katikati ya njia, watu wakiwapita.