Ukili wa Kusubiria Kompyuta

Kila asubuhi Bi Mwanajuma akishaiwasha kompyuta yake ya mezani, hukaa akasuka ukili, ule utepe wa miyaa wa kushonea mkeka, na kioo hakifunguki mpaka ukili utimie pima nzima. Mikeka miwili ya nyumba ile imetokana na kusubiri huko.

Leo hakuwa na subira hiyo. Binti yake Tufaha alikuwa amejifungua ng'ambo, na mtoto angepewa jina saa nne kamili. Jina alikuwa nalo bibi. Asipotokea kwenye kioo kwa wakati, wakwe wangetoa lao. Ilibaki robo saa.

"Haiumwi, bibi," alisema Rukia, fundi wa kompyuta aliyeitwa kuitazama. "Kila ukiiwasha, programu kumi na saba zinaamka pamoja, zinagombania mlango."

"Kumi na saba, hiyo si harusi? Mwamshe mwenye mlango, wengine walale."

Rukia akacheka, akazizuia moja moja zisijiwashe zenyewe. Kisha akaizima kompyuta. Bibi akamshika mkono.

"Mwanangu, unaizima na saa ndiyo hii?"

"Tuijaribu. Iwashe mwenyewe, halafu usuke."

Bi Mwanajuma akabonyeza, akashika miyaa. Akasuka shibiri moja. Ya pili haijatimia, kioo kikang'aa, na mara mlio wa simu ukatoka ndani yake.

"Mama, leo umetuwahi," alisema Tufaha. "Haya, wote wanakusikiliza."

Bibi akakiinamia kioo, ukili unamning'inia mkononi. Kule ng'ambo kingumi kidogo cha mtoto kilikuwa kinafunguka polepole, naye bibi akafungua kinywa alitaje jina.