Jina Lisiloitwa

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, Bi Mgeni aliambiwa kwenye dirisha la hospitali kwamba majibu ya damu ya mwanawe, Faki, hayajafika. Akarudi kwenye benchi kusubiri jina liitwe.

Chumba cha pili, Siwema, mtunza programu za hospitali, alikuwa ameupata mstari wa programu unaoyaficha majibu. Kila maabara iliposhindwa kutuma majibu, programu iliipokea hitilafu, ikaipa jina "kosa", kisha ikaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea. Chini ya neno hilo kompyuta ilikuwa imeweka alama ya njano ya onyo: jina hili halijatumika popote.

"Lifute tu," alisema Bwana Shebe, mkuu wake, akiwa amesimama nyuma ya kiti. "Njano itaondoka. Wakaguzi wanakuja kesho."

"Nani aliliandika?"

"Mimi. Mwaka wa sita huu. Nilikusudia kulirudia."

"Basi tulirudie leo, bosi."

Siwema akaongeza mstari mmoja: hitilafu ikitokea, ionyeshwe kwenye skrini pamoja na jina la mgonjwa. Shebe akanyoosha mkono kuelekea kibodi, akasita, akautia mfukoni.

Siwema akaiwasha programu upya, nayo ikajaribu kuyapokea tena majibu yote yaliyokwama. Skrini ilibaki tupu kidogo. Kisha likatokea jina moja, la pili, la kumi, yakazidi kushuka mpaka yakajaza skrini nzima.

Siwema akaufungua mlango wa kwenye mabenchi, akaanza kuita majina, la Faki kwanza.