Mgao wa Mlango

Katika jengo la Tunu, kila nyumba ilipewa mgao wake wa umeme kupitia nyaya za mtandao, na swichi ya mtandao, kisanduku chenye skrini ukutani, ndiyo iliyoamua kipi kipate. Mgonjwa kwanza, taa baadaye, mlango mwisho kabisa.

Asubuhi hiyo mlango ulikataa kufunguka. Tunu, fundi mitandao, alianza pale mafundi wote wanapoanzia: akabadilisha waya wa kufuli la umeme. Wapi! Akauhamishia tundu jingine la swichi. Wapi! Akazima taa, akazima feni, na bado umeme haukutosha. Ndipo alipoitazama skrini ya swichi. Hapakuwa na kitu kibovu. Mashine ya kupumulia ya mama yake, Bi Sikudhani, ilikuwa imejiongezea umeme, kwa sababu mapafu yake yamezidi kuchoka.

"Kumbe ni mimi," Bi Sikudhani, aliyeisikia mashine ikivuma zaidi, alisema kutoka nyuma ya pazia. "Ichomoe, mwanangu. Dakika moja tu, mlango ufunguke. Watakufukuza kazi."

"Mama, tafadhali, acha."

"Ichomoe, nimekwambia!"

Tunu akamsikia akivuta pumzi ndefu, kama mtoto anayetaka kupiga mbizi, kisha akaizuia. Akaushika waya wa mashine. Akauachia.

"Umefunguka, Mama," akasema. "Pumua. Haya, mimi naenda."

"Nenda salama, mwanangu."

Tunu akavua viatu ili asisikike, akaketi sakafuni, mgongo wake ukiegemea mlango uliokuwa bado umefungwa.