Tangawizi ya Babu

Kaka mkubwa alifika kwenye kikao cha familia akiwa amekifunga chungu mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari. Mkewe alikaa nyuma. Alikwisha kuzoea.

Ndani ya chungu mlikuwa na tangawizi, na si tangawizi ya hivihivi. Hii, kwa maelezo ya ukoo mzima, ilitoka kwa babu, ambaye aliitunza kuliko alivyowatunza wanawe. Alimwachia baba mmea pamoja na sifa zake: kikohozi, tumbo, baridi ya mifupa, vyote vilikuwa vikiuogopa. Baba aliwatibu majirani nao mpaka alipofariki. Baada ya mazishi kaka alibeba chungu, akakalia kiti cha baba na kuanza kupokea wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari, lakini utabibu, alisema, uko kwenye damu.

Tatizo lilikuwa dada yake. Huyu alikuwa mtaalamu wa maabara ya mimea, na baba alipokuwa angali hai, dada alimwomba jicho moja tu la ile tangawizi. Akaliosha kwa dawa ya kuua vijidudu, akalikata kwa kisu kilichopitishwa motoni, akalitia kwenye chupa yenye ute mzito wa sukari na virutubisho. Jicho likachipua. Vichipukizi vikazaa vichipukizi, vikahamishiwa chupa nyingine, na sasa rafu zilijaa ukutani hadi darini, kila chupa na tangawizi yake imesimama chini ya taa kwa adabu, kama mwanafunzi wa bweni. Mgeni aliyepiga chafya mle ndani alitolewa nje kama mhalifu. Miche iliyokomaa iligawiwa kwa wakulima, na kila mkulima aliambiwa amebeba historia mkononi.

Kaka aliita huo wizi. Dada aliita huo utafiti. Tangu hapo hawakusalimiana, na watoto wao, waliozoea kulala kitanda kimoja wakati wa likizo, walikatazwa hata kucheza pamoja.

Kikao kiliongozwa na baba mdogo, aliyependa kuongoza. Kaka alitaka chupa zote zimwagwe, la sivyo wakutane mahakamani. Dada akajibu kwamba majani ya kwenye chungu yameanza kuwa ya njano, kwa sababu kaka anamwagilia kama anayeosha gari, na siku mmea ukioza atakuja maabara kwa magoti.

"Mtoto wa chupa hawezi kuwa na nguvu za mama yake," kaka alisema.

"Si mtoto wake, kaka. Ni yeye mwenyewe. Hajabadilika hata chembe."

"Basi baki na yeye mwenyewe wa chupa, uniachie yeye mwenyewe wa chungu."

Baba mdogo alitafakari kwa muda mrefu, au alisinzia. Kwa macho yake yaliyo nusu wazi siku zote, ilikuwa vigumu kujua. Mwishowe alisema mwenye haki ya kuamua ni mama, aliyeishi na mmea ule miaka yote ya ndoa yake.

Wote wakamgeukia. Mama hakuwa ametamka neno tangu kikao kianze. Kaka alijua kinachomziba mdomo ni uchungu wa kuona urithi wa mumewe ukitiwa kwenye chupa kama achari. Dada alijua ni uchungu wa kuuona ukifa maji. Baba mdogo alijua ni heshima kwa mwenyekiti.

Mama alimtazama mwanawe, akamtazama bintiye, akashusha pumzi.

"Mimi nilidhani mtachoka wenyewe," alisema. "Sasa mnataka kupelekana mahakamani, wanangu wa tumbo moja."

Akamwelekea kaka. "Ya babu yenu tuliimaliza kwenye chai, wewe bado unanyonya. Wageni walikuja ghafla kukuona, jikoni hakuna kitu, na baba yako yuko safarini. Kesho yake nikaenda sokoni, nikaokota moja iliyotupwa chini ya meza, nikaipanda humohumo chunguni kabla hajarudi."