Tarehe kwenye Boksi

Siku hizi mlango wa nyumba haufunguki mpaka kila mmoja ateme mate kwenye kikaratasi. Mstari mmoja, mzima. Miwili, mnafungiwa wote siku arobaini.

Mume wangu alikohoa, akatema. Mstari mmoja. Mlango ukafunguka.

“Umeona, Mama Tatu? Ni mafua tu,” alisema, akambeba mwanetu.

Nikatazama tarehe ya kutengenezwa kwenye boksi la vikaratasi, kama yale waliyogawiwa mtaa mzima. Ilikuwa ya zamu yangu kiwandani vinakotengenezwa, siku ile niliyozitoa karatasi kwenye kikaushio mapema ili niwahi kufuturu. Protini ya kunasa ugonjwa isipokauka vizuri haishiki. Inasombwa na mate, na mstari wa pili hauji hata kwa mgonjwa.

Nikaurudisha mlango.

“Baba Tatu, mweke mtoto chini.”

Nje, milango ya mtaa mzima ilikuwa ikifunguka.